Pazia la Mapendo

Faida,

Mama yako amekupeleka kwa wasusi wenzake pale mjini, na kwa jinsi ninavyowajua wanawake wale, mtarudi shingo zimekakamaa na mchana umekwisha. Nimepata muda wa kuwa peke yangu na karatasi. Sijawahi kukuandikia barua. Tumeishi chumba kimoja miaka ishirini, hata ukigeuka usingizini nasikia, sasa barua ingekuwa ya nini?

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameyasema yote, na mengine ameyasema mara tatu: pasi ikae wapi, sweta gani uvae ndani ya ndege, usipokee mzigo wa mtu, ukishuka Roma umtafute mzee mwenye kibao chenye jina lako. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni miaka kumi na saba. Ningekuwa mwanamume kamili ningelisema kwa mdomo. Lakini ungenikazia yale macho ya mama yako, nami ningeanza kuzungumzia mvua.

Unakwenda kuishi kwa shangazi yako Mapendo. Unajua kwamba ni dada yangu, mtoto wa baba yangu mkubwa, tuliyekula naye sahani moja kule Uvira. Unajua aliolewa na Mwitalia, na kwamba anaishi katika kijiji cha milimani kusini kabisa mwa Italia, kwenye mizeituni na wazee. Unajua pia kwamba aliwahi kukaa nasi hapa Durban ulipokuwa mdogo. Kanisani husimuliwa hivyo: Baba Faida alimpokea dada yake, na leo oneni Mungu alivyomwinua. Mwaka juzi mchungaji alinisimamisha mbele ya watu niwe mfano wa ukarimu. Nilisimama. Watu wakapiga makofi, na wewe ulipiga, nilikuona.

Sasa sikia ilivyokuwa.

Mapendo alifika ukiwa na miaka miwili na nusu. Hakupiga simu kwanza. Kwetu ndugu hapigi simu, unafungua mlango unamkuta ameketi juu ya begi lake, unasema karibu. Alikuwa amepita nchi tatu kwa malori na miguu ilikuwa imevimba hadi viatu havivuliki. Tulikuwa hapa hapa mtaani Point, chumba hiki hiki, kwenye fleti hii hii ya familia tatu na jiko moja. Tulianza kujiuliza atalala wapi, na yeye mwenyewe akajibu. Alitoa vitenge viwili kwenye begi, vya kijani vyenye maua ya njano, alivyopewa na bibi yetu siku ya kuondoka. Akaviunga kwa sindano ya mkono, akavipinda upindo safi kuliko wa fundi. Mimi nikapigilia msumari ukuta huu na msumari ukuta ule, nikavuta waya. Hilo ndilo pazia unalolijua, ambalo umelala nyuma yake tangu uanze kuwa msichana. Hukuuliza lilitoka wapi, nasi hatukukwambia.

Alikaa nasi miezi tisa. Mimi nalinda magari ufukweni, mama yako anasuka mjini, na wewe uko mgongoni kwa Mapendo kutoka asubuhi hadi jioni. Usiku hukutaka kulala na sisi. Ulikuwa ukivuta pazia na kupita chini yake, tunasikia mnacheka. Jina la kwanza ulilolitamka sawasawa lilikuwa lake, si langu. Mama yako alilia kidogo kwa wivu, kisha akazoea.

Halafu yakaja makochi. Mzee mmoja wa mtaa wa Sydenham, niliyekuwa nikimlindia gari kila Jumamosi, alikuwa anahama, akaniambia nikachukue makochi yake kama nayataka. Unatujua Wakongo na makochi. Mtu anaweza kukosa kitanda, lakini sebule iwe na makochi makubwa yenye vitambaa vya kufuma mgongoni, ili mgeni akiingia asiende kusema tumeshindwa maisha. Nilikuwa nimefundisha shule ya sekondari kwetu, Faida. Nilikuwa nikivaa koti. Hapa navaa kizibao cha njano na watu wananiita "boss" bila kunitazama. Niliyataka yale makochi kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule. Nikatazama chumba kwa macho tu, nikaona hayaingii. Sikupima. Ningechukua kamba nikapima, barua hii isingekuwepo.

Kwetu mgeni hafukuzwi. Tuna msemo wa kumpa jembe siku ya tatu, lakini jembe ni kazi, na Mapendo alikuwa akifanya kazi kutuzidi. Ukimfukuza ndugu, habari zitakuwa Uvira kabla yeye hajafika chini ya ngazi. Kwa hiyo huwa tunafukuza kwa ishara. Unachelewesha sahani. Unasifu mbele yake nyumba ya mtu mwingine. Mimi nilichagua pazia. Jumapili moja, yeye akiwa mazoezi ya kwaya, niling'oa misumari miwili nikaisogeza shibiri moja kuelekea upande wake. Aliporudi alilitazama pazia, akanitazama mimi, akauliza kama nimekula. Jumapili iliyofuata nikaisogeza shibiri nyingine.

Yale matundu yaliyopangana ukutani, ulipokuwa na miaka saba uliniuliza ni ya nini. Nikakwambia panya. Ukaniuliza panya gani anapanda ukuta. Nikakufokea, na ilikuwa mara ya kwanza kukufokea bila kosa. Ni matundu ya misumari, mwanangu. Yahesabu kabla hujaondoka ukitaka. Ni matano kila upande.

Jumapili ya tano godoro lake halikuweza kulala sawa tena, ncha yake ilipanda ukutani. Usiku ule, nikiwa nimelala upande wetu, niliona mgongo wake ukikisukuma kitenge. Alikuwa amejikunja, nawe umejibana tumboni kwake. Ningeweza kuunyoosha mkono nikamgusa. Niligeukia ukutani.

Kesho yake alinisubiri nivae kizibao.

"Kaka," akasema, "naona nafasi imekuwa kidogo."

"Eish, dada, si unajua vile Durban iko."

"Njo vile. Hakuna shida. Iko mama moja wa kanisa atanipokea."

Hakukuwa na mama yeyote. Alilala kwenye mabenchi ya ukumbi wa kanisa, na si kwamba nililijua hilo miaka baadaye kama wanavyosema watu wanaojitetea. Nililijua wiki ile ile. Sikwenda.

Alifagia upande wake. Alikunja godoro, akalifunga kwa kamba. Kisha akashika ncha ya pazia, akauliza, "Hii niitoe?" Lilikuwa lake, Faida. Lilikuwa la bibi yetu. Nami nikasema, "Liache, tutalihitaji." Nimesema maneno mengi ya kipumbavu maishani, mengine nimekwambia wewe, lakini hayo ndiyo yanayonirudia nikiwa nimesimama kwenye maegesho nangoja gari litoke. Maana kazi yangu ni nini? Ni kuwatafutia nafasi watu nisiowajua. Nimewapungia mkono wageni wa mji mzima, njoo, njoo, bado, iko nafasi.

Wewe ulimfuata hadi kwenye ngazi ukilia, nikakuvuta mkono. Wiki ile makochi yakaingia.

Mama yako usimlaumu sana. Alinitazama nikigonga msumari wa tatu, akageuka kukaanga samaki. Tulishirikiana, lakini nyundo ilikuwa mkononi mwangu.

Baadaye nilisikia kwa watu kwamba Mapendo anapika chakula cha wafanyakazi wa bandarini, kisha kwamba anaonekana na mzungu mmoja, fundi wa mashine wa meli iliyokwama hapa kwa matengenezo. Watu wakasema maneno yao. Huyo ndiye Rocco. Alimwoa, akaondoka naye. Hakuja kuaga. Baada ya miaka sita akampigia mama yako, na tangu hapo huongea naye kila mwezi. Mimi hunisalimia. "Kaka yuko? Mumusalimie." Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimeungoja huo mshindo hadi nimeota mvi.

Kule unakokwenda sikujui. Ninachojua nimekipata kwenye simu ya mama yako, nikijifanya nasoma gazeti. Nakwambia hata hivyo, kwa sababu kanisani wanakuombea kana kwamba unapelekwa peponi, na wewe hupendi kudanganywa.

Mapendo alipofika, ukoo mzima wa Rocco ulikuwa ukiishi mtaa mmoja, nyumba zimeshikana kuta. Ukikohoa, shemeji anauliza kupitia dirishani kama umeugua. Jumapili watu ishirini mezani, na yeye aliwekwa pembeni, pale mguu wa meza unapokugonga goti. Mama mkwe wake, bibi ambaye sasa anakaribia miaka tisini, hakula chakula cha Mapendo mwaka mzima. Alikuwa na sufuria yake ndogo, anajipikia, anakula akiwa amempa mgongo. Hawakumtukana. Walimfanyia ishara, kumbe na wao wanazijua. Nilipolisikia hilo sikuweza kumaliza chai, maana nilijua nani alimzoesha dada yangu kukaa kimya katika nyumba ya ndugu.

Halafu bibi akavunjika nyonga. Binti zake walikuwa wameshahamia kaskazini, viwandani, kila mmoja akasema atakuja na hakuja. Mapendo ndiye aliyemwosha. Mpaka leo ndiye anayemgeuza kitandani, na bibi huyo akishtuka usingizini anaita jina lake. Yaani mwenye ukoo wa watu ishirini ameishia mikononi mwa yule waliyemweka pembeni. Usidhani nimelisema kama hadithi yenye faraja. Mapendo ana miaka arobaini na sita, mgongo unamuuma, hakujaliwa mtoto, na kifua cha Rocco kimeharibika. Mtaa ule una milango kumi na mmoja, mitatu tu ndiyo inayofunguliwa. Shule imefungwa kwa kukosa watoto. Basi linapita mara mbili kwa siku. Agosti hupika nyanya na kuzitia kwenye chupa kama zamani, chupa za kulisha ukoo mzima, kisha wanazibeba kuzipeleka chini kwenye ghala, na za mwaka jana bado zipo.

Unakwenda mahali ambapo wenyewe wamepakimbia. Nimelifikiria hilo usiku na mchana na sijapata upande wake mzuri.

Lakini huku nako nikushike kwa lipi? Ulipasi matriki, mtihani wa kumaliza shule, hesabu ukawashinda wote, chuo kikataka karatasi usiyo nayo. Miaka miwili unauza makava ya simu mjini. Siku ile walipopita na fimbo kuwasaka wageni, ulikaa chooni dukani saa nzima, ukarudi ukaniambia ulichelewa kwa sababu ya teksi. Nilijua. Kizibao changu kinapita kila mahali, habari nazipata. Nilikula ugali nikakuacha na uongo wako. Karatasi yangu ya ukimbizi zamani ilikuwa ya mwaka, ikawa ya miezi sita, sasa ni ya mitatu. Na mimi nasogezewa pazia, na mimi nauliza wenzangu kama wamekula.

Lile la pasi unalijua, nalirudia kwa sababu hatujalisema kwa sauti. Umechukua pasi ya Kongo ili usafiri. Ukishavuka nayo, ukimbizi wako wa hapa umekufa, hurudi. Mimi na mama yako hatuna cha kusafiria. Watu wanasema tutaonana, Mungu ni mwema. Mungu ni mwema, lakini mimi naona kesho pale uwanja wa ndege ndipo mwisho wa kukushika mkono. Mama yako haamini hivyo. Mwache asiamini.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Miezi minane iliyopita Mapendo alipiga. Mama yako akaweka sauti kubwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi.

"Ule mtoto mumutume huku," akasema. "Nyumba iko, kitanda iko. Banamu-accepter kwa masomo, Rocco ameshauliza. Ile ingine muniachie mimi."

Mama yako, kusikia chuo cha kule kimekupokea, akaanza kulia na kumshukuru Yesu. Mimi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, nikasogea karibu na simu.

"Dada, una hakika?"

Nilisikia akivuta kiti, akakaa.

"Kaka," akasema, "huku nafasi haiko kidogo."

Alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaja bei. Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Huenda amenisamehe na alitaka nijue. Huenda alitaka yaniingie kama kisu, na aliyeyapika kwa miaka kumi na saba ana haki. Huenda anakuita kwa sababu uliwahi kulala tumboni kwake na hajasahau uzito wako. Huenda amechoka kumgeuza bibi peke yake na anataka mikono ya bure. Sijui, na bado nakutuma. Hiyo ndiyo hali ya baba yako.

Ninachokuomba si utii, utii ulionao unatosha watoto watatu. Nakuomba macho. Uliishi katika nyumba ya watu wanaosema kwa ishara, kwa hiyo unazijua hata kama hujui kwamba unazijua. Ukiona sahani yako inachelewa, au kiti chako kimehama, au mazungumzo yanakwisha ukiingia, usiulize kama wamekula. Uliza waziwazi: "Shangazi, unataka niondoke?" Litakuwa swali baya, na atashtuka, maana kwetu haliulizwi. Liulize hata hivyo. Mimi na Mapendo tulikuwa watu wa adabu sana. Mmoja wetu angekosa adabu siku moja tu, angepiga kelele, akasema "Kaka, unanifukuza", ningekana, ningeapa, na kwa aibu tu ningerudisha misumari. Nadhani ningerudisha.

Na akisema ndiyo, ondoka? Uende wapi? Hapo ndipo ushauri wangu unapokwishia. Sina nyumba ya kukurudisha.

Iwapo siku moja, mkimwosha bibi au mkijaza chupa za nyanya, atakuuliza kama baba yako aliwahi kukueleza, sema ndiyo. Sema alinieleza yote, hadi idadi ya misumari. Usiniombee msamaha. Msamaha ukiombwa na mtoto, anayeombwa hana pa kukimbilia, na huyo nimeshambana vya kutosha. Na asikulipishe. Ukiona unalipa deni langu, ukaamka kabla yao na kulala baada yao ili baba yako aonekane mwema, acha. Sikutumi kama fidia. Nilijiuliza hilo kwa uaminifu, na siku nyingine jibu halikuwa safi, lakini leo nasema sikutumi kama fidia.

Pazia lake nimelitia kwenye begi lako, chini kabisa, chini ya vitabu. Mlipotoka tu nililishusha, nikalifua, nikalianika barazani, na upepo wa bandarini umelikausha haraka. Rangi imepauka upande wa dirisha, ila upindo wake haujafumuka hata kidogo. Ili lienee, nimetoa pakiti mbili za unga za mama yako. Atagombana nami na atakuwa na haki. Ukifika mpe mkononi, usiseme neno. Akilitupa, usiniambie. Akilitundika, usiniambie pia.

Nilidhani nimemaliza, nikaweka kalamu chini. Lakini waya ulikuwa mtupu, na chumba kikawa na mwanga nisiouzoea. Nikasukuma makochi yote ukutani, hili lenye spring iliyovunjika kwanza. Nikachukua godoro lako nikalilaza pale alipokuwa akilala Mapendo, nikalinyoosha urefu wake wote. Likaenea. Halikugusa ukuta. Nikapita katikati, kati ya makochi na godoro, nikapita tena, sikuhitaji hata kugeuka upande.

Nafasi ilikuwepo, Faida. Makochi yakiwemo, na yeye akiwemo, ilikuwepo.

Nawasikia kwenye ngazi. Unacheka, kwa hiyo wamekusuka vizuri. Ngoja nirudishe makochi.

Baba yako